Mkono wa Ezron

Mama Jairo, umewahi kumshika mtu mkono ukashindwa kumwachia, kanisa zima likikuangalia?

Ndiyo mimi leo. Misa ya kufunga mafungo ya vijana wanaotafakari upadre imeisha sasa hivi hapa Itumba. Nimejificha nyuma ya jiko la masista, nakuandikia.

Unakumbuka nadhiri yangu Ezron alipougua surua? Nilisema mjukuu huyu akipona ni wa Mungu. Ulikuwepo, wewe ndiye uliyempakata.

Siku tatu hizi nimesaidia kupika, namwona. Hanitazami. Ugali anauchezea tu. Nikajua nimemfunga kwa mdomo wangu, na nadhiri haifutiki.

Sasa wakati wa vipaji kila mlezi anampeleka kijana wake mbele, anauweka mkono wa kijana kwenye mkono wa padre. Zikapita ndizi, yakapita maharage, tukafika sisi. Vidole vikakataa kufunguka, mwenzangu! Padre anavuta, mimi navuta.

"Bibi, mwachie basi."

Nikazidi kubana. Wamama wa WAWATA, chama chetu cha wanawake Wakatoliki, wanacheka: "Huyo katoa, sasa anadai!"

Vidole, Mama Jairo! Nikasema, na kipaza sauti kikadaka: "Ezron, kama hutaki sema. Nadhiri nitaijibia mimi."



Ezron akaniinamia sikioni. "Bibi, nilishindwa kukutazama kwa sababu utabaki peke yako. Lakini niachie. Nataka kwenda, nataka mwenyewe."