Kula Mkate Mpaka Siku ya Kipimo

Mjukuu wangu Tumaini,

Ugonile? Huku Mwaya tumeamka salama. Babu yako anavuna kakao huku akiilalamikia mvua, kama kawaida yake.

Umeniuliza kwa nini daktari amekukataza kuacha ngano sasa, ilhali ndiyo anayoishuku kukuumiza tumbo. Kipimo hutafuta dalili za mwili kupambana na ngano. Ukiiacha mapema, dalili hizo zinaweza kufifia na ugonjwa usionekane. Basi endelea kula mkate kama alivyokuagiza mpaka upimwe.

Lililonigusa zaidi ni swali lako la pili: ukiiacha moja kwa moja, je, sikukuu utakaa pembeni na sahani yako peke yako?

Nilipoolewa, serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria na unga wa ngano umejaa maduka ya huku Bondeni. Kila harusi ilitaka chapati. Mama yangu akapika chapati, lakini pia akaloweka mchele na kuutwanga kwa ajili ya vitumbua.

"Mama, ngano imejaa dukani, nyie bado mnatwanga tu?" wifi yangu alimtania.

"Onja kwanza, ndipo unicheke."

Alionja. Jioni nilimkuta anafungasha vitumbua vya mwisho kwenye jani la mgomba, na chapati zimebaki kwenye sinia.

Mpunga wa mchele kama ule bado tunaulima wenyewe. Nimeshanunua kikaango kipya, ambacho hakijawahi kugusa ngano. Njoo Krismasi. Tutakula vitumbua sote, nawe utakaa katikati yetu.

Bibi yako anayekupenda