Mama, Jiwe Tumeliacha Chafu

Mwaka umetimia, Mama Notburga, tangu ututoke pale nyumbani Mpitimbi. Tulidhani siku hii ikifika tutakaa kimya tu. Kumbe tuna habari, na tangu juzi hatulali vizuri kwa hamu ya kukupa.

Lakini hukupenda mtu aanze hadithi mkiani. Basi tuanze kichwani.

Wanaokufahamu wanajua ulivyopenda usafi. Sufuria zako ulizisugua mpaka mtu akajiona sura. Mgeni akikuamkia shikamoo, uliitikia marahaba huku umeshainama kumfutia kigoda.

Ndiyo maana wataalamu wa mto walipokuja, wakiongozwa na Dada Frida, walikuchagua wewe. Walitaka mtu wa kufagia mchanga wa kando ya Ruvuma, pale kivukoni kwetu, kila jioni, ili mnyama akipita nyayo zake zisomeke asubuhi. Watu walicheka. Jirani yetu Makarius alikuuliza kama uwanja wako umekwisha takataka hadi umehamia mtoni. Ulimjibu kwamba ukimaliza mto unakuja kwake.

Dada Frida alitueleza kazi yenyewe. Wanaandika mto ulivyo leo, maji yake, matete yake, samaki na wanyama walio hatarini kutoweka, ili miaka ijayo ijulikane kama umepona au umeumia. Wewe ulitufafanulia jikoni kwa maneno yako: "Ni kama kliniki. Mtoto asipopimwa uzito siku ya kwanza, utajuaje kama anakua?"

Ulikuwa na jambo lako pia. Ulisema fisi maji, wale wanyama wa manyoya wanaoogelea mtoni, bado wapo kwenye yale matete. Uliwaona ukiwa msichana, na uzeeni ukawasikia tena wakipiga miluzi. Hakuna aliyekuamini. Na kijiji kilikuwa kimesema wazi: wataalamu wasipopata mnyama wa kulindwa pale, matete yatafyekwa, watu walime bustani za mboga. Dada Frida alikwambia kwa upole kwamba neno la mtu peke yake haliandikwi, lazima alama ionekane.

Ukasema, "Basi nitafagia mpaka ionekane."

Ukafagia kiangazi chote. Mchanga ulituletea nyayo za nguchiro, za kenge, za kanga, hata za ng'ombe aliyepotea. Za fisi maji, hapana. Ulirudi nyumbani mnyonge, na hasira yako yote ikaishia kwenye lile jiwe kubwa linaloingia majini. Kila jioni ulilikuta limechafuliwa kwa kinyesi kinachonuka samaki. Ulilisugua kwa ufagio na maji mpaka linang'aa, kisha ukapitia kwa Makarius kumwambia amfunge mbwa wake, maana amegeuza jiwe lako choo. Makarius aliapa kwamba mbwa wake hajui hata njia ya mtoni. Hukumsikiliza.

Kisha ukaugua, ukatutoka, na alama ilikuwa haijaonekana. Hilo ndilo lililotuuma kuliko yote.

Desturi yetu unaijua, uwanja wa msiba haufagiliwi mpaka matanga yaanuliwe. Shangazi Evaline alizifunga fagio zote akazipandisha darini, na ule wa mtoni pia. Baba akamwambia ule ni wa kazi, wataalamu wanausubiri. Shangazi akamjibu, "Ufagio wa marehemu ni wa marehemu, hata kama unafagia mto." Dada Frida ni mgeni mkoani kwetu, lakini aliinamisha kichwa akasema mchanga utangoja.

Matanga yalipoanuliwa, mimi Pamela, ninayeandika haya kwa niaba ya nyumba yote, nilikubali kushika ufagio wako. Tulipofika mtoni na Dada Frida, jiwe lilikuwa limejaa kinyesi. Nikaona aibu kwa ajili yako, nikachota maji nilioshe. Akanishika mkono.

"Usiguse hapo."

Akachuchumaa, akapekua kwa kijiti. Vipande vya magamba ya kaa, miiba ya samaki. Akanusa kama mtu anayeonja mchuzi. Halafu akaniuliza polepole nani alikuwa analisafisha jiwe hili.

"Mama," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

Akakaa mchangani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha yakawa machozi ya kweli, maana alikupenda.

Ni wao, Mama. Fisi maji hawapiti mchangani kwetu, wanatoka majini moja kwa moja hadi jiweni, na kile kinyesi ndicho wanachoambiana nacho kwamba hapa ni kwetu. Wao wanaandika, wewe unafuta, wanaandika tena. Dada Frida alisema kosa ni lake, hakuwahi kukuuliza kuhusu jiwe. Nasi tunajua kwamba wewe usingeweza kumsimulia mgeni habari za kinyesi.

Kinyesi kilitosha kuonyesha kwamba wanapita. Ila kama wanaishi na kuzaa pale, kijiji kilitaka kuona kwa macho. Zikafungwa kamera kwenye miti, mvua zikaja zikapita, tukangoja.

Sasa habari yenyewe. Juzi kamera imewaleta. Mama fisi maji na watoto wawili, anawasukuma kwa pua wapande jiwe lako. Wa pili anateleza, anarudi majini, anasukumwa tena. Tuliwatazama kwenye simu ya kaka Valence mpaka ikazima. Makarius alikuja na mbwa wake kabisa. Alisema, "Mwambieni Notburga mbwa ameshinda kesi, ila hadai kitu." Halafu akageuka upande, akajifuta macho.

Jana ulikuwa mkutano wa kijiji. Unanijua mimi na kusimama mbele za watu. Nilisimama. Nilisema, "Mama alisema wapo, na wapo," nikakaa. Matete hayafyekwi, Mama. Bustani zitalimwa upande wa juu, na kwenye taarifa ya mto, kivuko chetu kimeandikwa kwamba fisi maji wapo na wanazaa. Mto umepimwa, na uzito wake wa siku ya kwanza una wale watoto wawili wa jiweni kwako ndani yake.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii kigangoni kwetu Mpitimbi. Baada ya Misa tutashuka wote mtoni na ufagio. Mchanga tutaufagia vizuri kama ulivyotufundisha. Jiwe tutaliacha lilivyo, utuvumilie.

Unakumbukwa na mumeo Tadei, watoto wako Valence wa Msamala, Pamela na Fransisko, wifi yako Evaline, jirani yako Makarius, na Dada Frida aliyeomba jina lake liwekwe na ya ndugu.

Kila jioni ufagio ukigusa mchanga, Mama, ni wewe tunayekukumbuka, leo na daima.