Suud bin Sleyum, Aliyekataa Babu wa Kuazima

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike hapa Matrah, Oman, na mpaka leo kila Alkhamisi asubuhi mkeo Nasriya, mama yetu, huchemsha kahawa ya watu wawili. Akishaimimina ndipo hukumbuka. Basi hukinywa na kikombe chako, akasema kahawa haimwagwi. Amechoka, Baba. Sote tumechoka.

Ulikuwa mshoni, mshoni hasa. Watu walikuletea hata kanzu zilizoharibiwa na wenzio uzitengeneze, nawe ulizitengeneza bila kumsema mtu. Uzi uliukata kwa meno, na mkasi uko pajani. Kila mteja ulimwita "bwana mkubwa", hata wapagazi wa bandarini. Ukikasirika ulinyamaza kimya, na mkeo alikuwa akisema afadhali ungetukana, tujue moja.

Alkhamisi hukushona. "Mama Thani, nnakwenda Hail," ulisema, ukapanda lori la Sib, mji wa karibu na huko. Tangu tulipotoka Unguja mwaka ule wa 1964 na masanduku mawili, tulitakiwa karatasi moja tu: wazee wa ukoo wetu waandike kwamba hawa ni wetu. Bila hiyo mwanao Thani hapati pasi ya kwenda kufanya kazi Kuwait, na sisi wenyewe twakaa hapa kwa kuhurumiwa. Na ulichokuwa nacho ni maneno mawili tu uliyoachiwa na babu yako Mahfoudh: "Kwetu Hail."

Babu Mahfoudh sisi tulimjua kwa hadithi. Alitoka Oman kijana, akapita Unguja, akaingia bara mpaka Ujiji na ng'ambo ya ziwa, kabla ya Wazungu kufika kuweka mipaka yao. Aliporudi Unguja alikuwa mzee mwenye pembe za ndovu, makovu na wake watatu. Alikuwa na watu aliowanunua pia, na hapo msimuliaji wa nyumbani kwetu alikuwa akikohoa na kuendelea mbele. Wewe ulijua kwa moyo jina la kila kambi aliyolala.

Kule Hail ya pwani wazee walikukaribisha vizuri, wakakupa halwa, wakasema hawamjui. Miaka mitano, Baba. Ulirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, ukaketi kuvua viatu, na Nasriya hakuuliza kitu. Alikuletea maji tu.

Mwaka wa tatu wazee wale wakakuonea huruma. Wakasema basi, tutakuandika wetu, Mungu ndiye ajuaye. Ukakataa. Siku ile ndiyo Nasriya alipokupandishia sauti.

"Baba Thani, watu wamekupa ukoo bure, nawe unaurudisha?"

"Sitaki babu wa kuazima."

"Babu yako keshakufa! Mwanao yu hai!"

"Nnalijua hilo, bibi."

Siku tisa hamkusemezana. Thani akabaki kubeba magunia bandarini, wenzake wakenda Kuwait wakarudi na saa mkononi. Mama hakukusamehe kwa jambo lile, wewe wala huyo Mahfoudh. Tunaliandika kwa sababu ni kweli, na wewe hukupenda mambo ya kufichwafichwa.

Siku ya tatu ya matanga yako alikuja Amur, muuza ndimu kavu uliyekuwa ukimshonea. Akamsikia Thani akisema umekufa unawatafuta watu wako wa Hail. Akauliza, "Hail ipi?"

Nasriya alisikia akiwa nyuma ya pazia. Amur akazihesabu Hail anazozijua yeye, akamaliza vidole vya mkono mmoja akaingia wa pili. Na sisi tuliojua tangu utotoni kwamba hata Malindi zipo mbili, ya Unguja na ya Kenya, miaka mitano hatukuwaza kuuliza! Mwenye kuuliza hapotei. Sisi hatukuuliza kwa sababu tuliona aibu kuonekana hatupajui kwetu.

Mama alipotoka eda akafunga safari na Thani. Hail ya kwanza hawamjui. Ya pili hawamjui. Ya tatu iko milimani, gari haifiki, wakapanda kwa punda. Pale wakaonyeshwa bibi kizee, jina lake Hind. Alipotajiwa Mahfoudh hakufurahi. Alizungumza Kiarabu, Thani akifasiri.

"Mahfoudh alimwacha bibi yangu na mimba ya mama yangu. Alisema atarudi tende zikiiva. Hakuleta talaka wala salamu. Bibi yangu amekufa mke wa mtu."

Nasriya alitafuta neno la Kiarabu, akalikosa. Akasema kwa Kiswahili, na aibu ikamjaa kabla hajamaliza, "Tumekuja kutaka karatasi."

Thani alifasiri kwa sauti ndogo. Hind akatikisa kichwa.

"Nyinyi mnataka karatasi. Sisi tulitaka mtu."

Kisha akamwita mwanawe mkubwa, aliyejua kuandika, akamketisha mbele yao. "Andika kwamba hawa ni wetu," akamwambia. "Andika na kwamba wamechelewa."

Wakati wa kuteremka Nasriya alishuka kwenye punda, akaketi juu ya jiwe, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko. "Baba Thani," alisema, "ulikuwa na haki. Lakini ungeliuliza tu, mume wangu, ungeliuliza." Thani alimwacha alie mpaka atosheke.

Pasi imetoka mwezi uliopita. Thani anaondoka baada ya hitma yako.

Wanaokukumbuka ni Hind, binti wa shangazi yako, mkeo Nasriya, na wanao, Thani na Muhsina. Hutatutoka moyoni, Baba, siku zote za uhai wetu. Jina la Hind limetangulia kwa agizo lake mwenyewe: anasema wao ndio waliongoja zaidi.