Vifuniko vya Viatu vya Alya

Rimma, upo? Usinipigie, nitatukana mbele ya watoto.

Yule Inga, mama yake Alya! Kanikuta kwenye mlango wa kuingilia barafuni, makocha wote wa mji wa Perm wanasikia, ananiambia: "Zinaida Pavlovna, wewe ulimfundisha kushika ukuta tu. Kuruka kafundishwa na Gleb."

KUSHIKA UKUTA! Mtoto niliyeanza kumfundisha kuteleza akiwa na miaka minne! Huyo kocha Gleb wameniacha na kumhamia msimu huu tu!

Subiri, bado. Alya kaingia barafuni kushindana, mruko wa mwisho kaanguka, puu! Anatoka analia, na Gleb wao keshakimbilia benchi la kungojea alama, anajiweka sawa skafu mbele ya kamera. Vifuniko vya visu vya viatu vya kutelezea vya mtoto kaondoka navyo mfukoni!

Sasa mtoto akanyage sementi hivyohivyo? Visu viharibike, na kesho ana raundi ya pili?

Basi Alya akaninyooshea mkono mimi. Mimi, Rimma! Kwa mazoea, bila hata kutazama. Nami vya akiba ninavyo mfukoni siku zote. Nikampa.

Inga akafoka: "Usimguse mwanangu!"

Alya hata hakumsikia. Anavaa huku ananiuliza, "Nimekosea wapi?"

Nikamwambia, "Muulize aliyekufundisha kuruka."

Akaenda zake benchini.

Ni bega la kushoto, Rimma. Kalifungua nje mapema, kabla miguu haijaacha barafu. Nililiona kabla hajaanguka. Na kesho ataanguka tena palepale, nami nitakuwa nimesimama mlangoni, nimenyamaza.