Maji ya Mtungi Kwenye Chupa ya Serikali

Nyalenda, Kisumu
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako mke wa mwanangu, binti wa Butere,

Hujambo wewe na tumbo lako? Miguu bado inavimba? Nilikwambia uache kukaa chini ukichambua dagaa wa omena, hukusikia. Leo sikia. Mimi ni mzima, goti tu. Nakuandikia Kiswahili maana Kijaluo chako mpaka sasa ni cha kununulia samaki.

Usije kuzalia huku. Najua ni mimi niliyekuita. Nilijisifu kwamba kisima cha marehemu mzee wangu kimepimwa, na karatasi inasema maji ni safi kwa kunywa. Karatasi haikosei. Ila maji waliyopima hayakuwa ya kisima.

Unakijua kile kiwanda cha ngozi nyuma ya ua. Tangu wachimbe mtaro wao maji yangu yananuka, sabuni haitoi povu, chai inageuka nyeusi. Siku bwana wa afya alipokuja na chupa zake kupima visima vya mtaa, mvua ilikuwa inanyesha, akabaki mlangoni. "Mama, nichotee hapo kisimani, unijazie hii." Nikachota. Mafuta yakaelea juu ya ndoo. Sasa mgeni nimpe uchafu ule? Nikaingia ndani nikajaza chupa maji ya mtungi, maji ya mvua niliyochuja kwa kitambaa. Akaiinua akaitazama. "Mama, una dhahabu hapa." Na mimi nikacheka! Mtu mzima na mvi zangu.

Karatasi ilipobandikwa mlangoni, wapangaji waliokuwa wanafulia tu wakaanza kunywa. Harufu wanaisikia, lakini bomba liko mbali, na serikali imesema.

Nilienda ofisini nikakiri. Karani hakuinua hata kichwa. "Yule bwana amehamishwa. Zamu yenu imepita. Halafu, mama, tukuamini wewe wa siku ile au wewe wa leo?"

Nikafunika kisima kwa mabati na mawe. Wakafunua. Nikachana karatasi. Mpangaji wa chumba cha mwisho, Mama Otieno, akanicheka: "Dani, bibi yangu, tulishaisoma."

Huyo ana mtoto anayetambaa. Leo asubuhi nimemkuta akimkorogea uji kwa maji yale. Nikamfokea.

"Si nachemsha, Dani?"

"Dawa ya kiwanda cha ngozi unaichemsha iende wapi, mjinga wewe?"

"Basi sema tu unatunyima maji."

Mtoto anaharisha tangu Alhamisi. Mama yake anasema ni meno.

Zalia hapo hapo Kombewa, hospitali iko. Nimeshamshonea mtoto kofia, nitaituma. Na kama huwezi kukaa bila kuja kunisalimia, beba maji yako ya chemchemi. Hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwangu na kiu, na leo ninakwambia uje na maji yako.

Msalimie mwanangu fundi baiskeli, aache kulala dukani. Msalimie mke mwenzangu, lakini habari ya chupa usimwambie, atafurahi wiki nzima. Na shemeji yangu katekista mwambie amwombee mtoto wa chumba cha mwisho. Mimi nimesema mpaka sauti imekauka, na ndoo bado inashuka kisimani.

Ni mimi mama mkwe wako,
mwenye kisima.