Majani ya Mkungu Uliyoyapiga Pasi

Mwikali dada yangu,

Nilikutukana ukiwa mochari. Nianze na hilo. Nilikutumia sauti kwenye simu: "Wewe mvivu! Umejilaza hospitali na mimi nafanya kazi yako!" Nikacheka mpaka mwisho wa ujumbe. Kumbe ulikuwa na siku tatu tangu ufe.

Siku tatu, Mwikali! Na nyumba nzima walijua.

Harusi yenyewe unaijua ilivyoanza. Hanan, binti wa madam wako wa mtaa wa Ruwais, aliona picha za ng'ambo, majani mekundu yametapakaa mezani, akataka harusi yake ya bustanini ipambwe hivyo hivyo. Jeddah, na joto lile! Majani ya kitambaa waliyoagiza yakachelewa. Ndipo uliponipigia Riyadh kuuliza ule mti wa uani unaogeuza majani mekundu unaitwaje. Nikakuambia ni mkungu, kwetu Kilifi majani yake tunayafagia kila asubuhi. Ukasema, "Basi taka za kwenu ndizo zitakazompamba mtoto wa tajiri."

Ukaokota wiki nzima. Ukayapanga katikati ya magazeti, ukayapiga pasi ya uvuguvugu, kisha ukayapaka nta ya mshumaa yasikunjike. Siku moja ulisema kichwa kinakupasua. Nikakuambia umeze dawa ulale. Ni hivyo tu nilivyokuambia.

Madam wangu, dada yake madam wako, aliposema tunakuja wote kusaidia, nilirukaruka jikoni. Miaka miwili tangu wakuhamishie Jeddah kutoka chumba chetu! Nilikubebea unga wa ugali niliousaka soko la Batha. Nafika, kitanda chako kimetandikwa. Mwikali yuko wapi? Yuko hospitali kidogo, akasema madam wako, atatoka baada ya harusi. Nami nikaamini, mjinga mimi. Nikafungua maboksi yako ya majani, nikapamba meza zote, mengine nikayatunga kwa uzi langoni. Kila jani nililoshika nilisema huyu mwanamke ana mkono. Hanan alipopita katikati yake wageni walipiga vigelegele, na mimi pia. Nilipiga vigelegele, Mwikali, kwa sauti yangu yote.

Jana asubuhi Kioko, dereva wao, Mkenya mwenzetu, alikuja kuchukua maboksi matupu. Nikamwomba anipeleke kukuona. Akakaa kwenye ngazi akashika kichwa. "Dada, tulikatazwa kukuambia. Walisema ukijua hutafanya kazi." Eti walikukuta asubuhi kitandani, hukuamka. Daktari akasema ni mshipa wa kichwani uliopasuka.

Sikulia. Mpaka sasa sijalia, sijui nina nini. Nilimwendea madam wangu nikamuuliza, akajibu kwamba furaha ya watu haiharibiwi. Hata kwetu habari ya msiba hufichwa kidogo, mtu afike nyumbani kwanza, apewe maji, ashikwe mkono. Hilo nalielewa. Lakini ni nani anayekuficha msiba wako huku anakutuma upambe?

Kioko alinipeleka, nikakuona. Vidole vyako bado vina malengelenge ya ile nta. Nilivishika mpaka yule mlinzi akaniambia halas, inatosha.

Sasa nisikilize, dada. Mama yako hajui. Madam wako amesema mafi simu Kenya, hakuna kupiga, mpaka karatasi zako zikamilike, labda wiki mbili, na nikifungua mdomo nitafutiwa ikama, kibali changu cha kukaa huku. Na leo mama ameniandikia kwa kuwa simu yako haiingii. Anauliza kama harusi ilipendeza. Anasema mbuzi wa kukupokea Desemba ameshamnunua, anamlisha vizuri, na chumba chako amekipaka rangi upya. Anakuandalia makaribisho, Mwikali, na wewe uko kwenye barafu, na mimi nimeambiwa ninyamaze kama walivyoninyamazia.

Ikama na waifute. Nitarudi Kilifi nikauze samaki, sitakuwa wa kwanza.

Kwaheri, dada yangu, mwenye mkono mwema. Mungu akulaze panapo kivuli. Nakuahidi mama yako hatakungoja hata jioni moja zaidi, na atayasikia kwangu mimi anayenijua, si kwa ajenti aliyetuleta kazini. Nimempigia sasa hivi, kalamu bado iko mkononi. Ameitika huku anacheka. Anasema, "Mpe simu niongee naye."