Meno Niliyoonyeshwa kwenye Kompyuta

Ujerumani,
mwishoni mwa majira ya baridi.

Mke wangu Mama Kabula,

Barua hii isome mwenyewe kwanza. Usimpe Kabula akusomee kwa sauti mbele ya watu kama zile zilizotangulia. Mama yangu mpe shikamoo, halafu chagua wewe cha kumwambia na cha kuacha. Wewe ndiye unayejua moyo wake unabeba kiasi gani.

Mmeamkaje huko Busisi? Mvua imeshika, au bado mnatazama mawingu yakipita juu ya ziwa kwenda kunyesha kwa wengine? Kikohozi cha Masalu kimeisha? Mimi napumua, nakunywa uji wao usio na ladha, nalala kwenye shuka jeupe. Ukiniuliza kama mwili upo, upo. Ukiuliza zaidi ya hapo, ndiyo sababu naandika.

Nianze na ile simu. Najua ulivuka kwa kivuko asubuhi na mapema, ukaenda mpaka parokiani Butimba, ukakaa kwenye benchi ukisubiri nipige. Ulidhani laini imekatika. Haikukatika, Mama Kabula. Mimi ndiye niliyeweka simu chini. Nilikuwa nakusikia vizuri kabisa. Ulisema, "Haloo, Baba Kabula, sema basi, nakusikiliza." Nikajaribu kukueleza nilichokuwa nimeambiwa siku iliyotangulia. Halafu nikakusikia ukimwambia mtu aliyekuwa karibu nawe, kwa sauti ya chini, "Sielewi anasema nini." Nikaona nisikutese. Mkono wangu bado unaandika vizuri, acha useme wenyewe.

Unakumbuka yalivyoanza, jino la chini lilipolegea bila kuuma, nami nikakucheka uliponiambia niende hospitali. Kisha ukaja ule uvimbe mgumu kwenye kidevu, na watu mnadani wakadhani nimeficha tumbaku. Walipolikata taya la mbele kule Dar es Salaam na kuweka chuma badala yake, nilirudi kwako nikiwa hai, lakini mate hayakai mdomoni na maneno yanatoka kama yamelowa. Dalali wa ng'ombe asiyeweza kutaja bei ni nani? Siku hizi za soko huria kila kijana mwenye fimbo anajiita dalali. Shija, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuita bei, akaanza kuita mahali pangu, nami nikawa nasimama nyuma ya zizi nikimwonyesha kwa vidole.

Basi Daktari Reinke alipofika kwenye ile hospitali ya misheni na kuniambia huku kwao wanaweza kutengeneza taya na kupanda meno juu yake, ulilia kwa furaha. Nami niliamini. Ninakuambia hili ili ujue niliamini kweli, sikuja huku kubahatisha.

Nikueleze wanavyofanya, maana barua zilizopita nilikuandikia kwa kifupi. Eksirei yetu hutoa kivuli tu, kama mtu aliyesimama mbele ya taa ukutani. Huku kuna mashine kama tairi kubwa la trekta lililosimama. Wanakulaza kwenye kibao, kichwa chako kinaingia katikati ya tairi, nayo inazunguka ikipiga picha moja baada ya nyingine. Kila picha ni kipande chembamba cha kichwa chako, kama unavyokata viazi vya michembe kabla ya kuvianika. Kisha kompyuta inavipanga vile vipande tena, inakurudishia taya zima kwenye kioo. Daktari anaweza kuligeuza mbele, nyuma, juu, chini, kama mnunuzi anayezunguka ng'ombe kabla ya kutaja bei.

Kwa picha za kwanza walitengeneza mfano wa taya langu kwa plastiki, ukubwa uleule. Daktari alinipa nikashika. Nilikaa nimelipakata, vidole vyangu vikipita ndani ya lile tundu la mbele pasipo na kitu. Kwa kupima juu ya mfano huo wakachonga mfupa kutoka nyongani kwangu, wakaukaza kwa skrubu mahali palipokatwa. Nyonga iliuma kuliko mdomo. Nilijifunza kutembea upya kwenye korido yao ndefu, nikimshikilia Sista Leokadia, yule Mhaya anayesomea uuguzi hapa, ambaye ndiye mdomo wangu na masikio yangu.

Tukasubiri baridi yote mfupa ushike. Theluji inaanguka bila sauti, inachosha macho. Sikuwa na shida nayo kwa sababu nilikuwa na ahadi. Daktari alikuwa amesema mfupa ukishashika, watapiga picha tena, na kwenye kompyuta ataniwekea meno kabla hayajaingia mdomoni. Atachagua kila skrubu ikae wapi, iingie kina gani, iinamie upande gani ili isiguse mshipa wa fahamu unaoupa mdomo hisia. Kisha watatengeneza kibao kidogo chenye matundu, cha kuvalishwa juu ya taya siku ya upasuaji, ili kekee ya kutobolea mfupa ipite kwenye matundu yale tu na isipotee. Nilimuuliza Sista mara nyingi maana ya kila neno mpaka akanicheka. Alisema, "Baba, utarudi Mwanza ukiwa daktari."

Siku ya picha nilivaa lile shati la bluu ulilonipa. Walinilaza, tairi likazunguka. Kesho yake wakaniita kwenye chumba cha kompyuta.

Kijana wa mashine alikuwa ameshapanga kila kitu. Niliona, Mama Kabula. Taya langu lilikuwa kwenye kioo, rangi ya pembe, ule mfupa wa nyonga umeungana na wa zamani hata huoni mpaka. Juu yake zimesimama skrubu za kijani, na juu ya skrubu meno, meupe, yamejipanga. Nilishika mdomo wangu. Nilimwambia Sista, kwa maneno haya yangu mabovu, "Mwambie yanatosha. Mwambie asibadilishe hata moja." Sista alinielewa, lakini hakumtafsiria. Alikuwa anamtazama daktari.

Daktari Reinke hakuwa anayatazama meno. Alishika kile kidude cha kuongozea kompyuta, akaligeuza taya taratibu mpaka likatupa mgongo. Akasogeza upande wa kulia, kule juu karibu na sikio, ambako sijawahi kuumwa. Pale mfupa ulikuwa na vishimo vishimo, vimebanana kama sega la nyuki.

Alizungumza muda mrefu. Ndipo Sista akaniambia, "Baba, anasema uvimbe umerudi. Haukurudi mbele, umejificha nyuma. Picha ya kawaida isingeuonyesha mapema hivi, kwa sababu mifupa mingine inaufunika."

Nikauliza, "Kwani walipokata hawakuumaliza?"

Akamuuliza daktari, kisha akajibu, "Anasema usimlaumu mtu. Uvimbe wa aina hii huwa unatuma mizizi ndani ya mfupa mzima, na jicho haliwezi kuiona."

"Na meno?"

Sista hakumuuliza daktari hilo. Akasema, "Hapana, baba."

Nikamwambia amuulize yeye mwenyewe. Akamuuliza. Daktari akavua miwani, akasema kwa ufupi, na ufupi huo nikauelewa bila kutafsiriwa. Hawawezi kupanda meno kwenye taya ambalo upande wake mmoja unaondolewa mpaka kwenye kiungo kilicho karibu na sikio. Ule mfupa mpya utabaki bila kishikizo. Watafunga chuma tena. Baada ya miaka, kama hakuna kitu kilichorudi, wanaweza kufikiria. Lakini ule mshipa wa fahamu wa upande huo utakwenda na mfupa. Mdomo utalegea na hautarudi kufunga vizuri.

Wakati wote huo yale meno yalikuwa bado yapo kwenye kioo. Kijana wa mashine alipoona ninayatazama, akayazima. Sikumwomba azime.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje bila koti. Sista alinifuata akanifunika kwa sweta lake. Nilimwambia nataka kurudi nyumbani na hili taya nililo nalo, likiniozea nioze nalo Busisi, mbele ya watu wangu. Hakubishana nami. Aliniuliza tu, "Ukirudi nalo, utakula mpaka lini?" Alisema daktari amemwambia uvimbe huu ukiachwa hukua hata ukaziba koo, na mtu hufa akiwa na njaa na akili zake timamu.

Nimekaa na jambo hili tangu siku ile. Nimesali, sitakudanganya, na sikusikia kitu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee wa hapahapa, anapokea wajukuu kila alasiri, wanamletea keki, naye anaitafuna mbele yangu taratibu. Hana ubaya. Mimi nageukia ukutani.

Kinachonimaliza si maumivu. Nakumbuka kabla sijaondoka, Masalu alikuwa anaanza kusema. Kabula alijifunza maneno kwako na kwangu. Yeye kwangu alisikia haya tu. Siku moja alitaka maji, akasema vilevile ninavyosema mimi, kwa mdomo wazi, mate yakimtoka. Wewe ulicheka, ukamfuta, ukamrudishia neno sahihi. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba. Sikukuambia kwa nini. Nilifikiri nitakwenda huku, nitarudi nimepona, nitamfundisha upya. Sasa naomba unisaidie: mweke karibu na Kabula na wenzake wanaosema vizuri. Nikirudi, sitakuwa mtu wa kumfundisha maneno.

Nimekubali wakate. Usiniite jasiri ukimweleza mama. Nimekubali kwa sababu naogopa kufa mbali na wewe, na naogopa zaidi kufa mbele yako kwa namna ile aliyoieleza Sista. Sikuona njia ya tatu. Nilitafuta. Nilimuuliza daktari kama wanaweza kukwangua tu zile sehemu zenye vishimo. Aliniwekea ile picha tena, bila meno safari hii, akanionyesha kipande baada ya kipande jinsi vishimo vilivyopita hadi juu. Nilihesabu mwenyewe kwa macho, nikaona hakuna mahali pa kusimamisha kisu. Mashine ile haimwonei mtu haya. Inamwonyesha kila kitu.

Watanipasua wiki ijayo. Barua hii ikikufikia, jambo hilo litakuwa limekwisha pita, na Sista ameahidi kumpigia padri simu kukujulisha nilivyoamka. Padri akikwambia nimeamka, amini. Usisubiri kusikia sauti yangu ndipo uamini.

Sasa kuhusu kazi. Mpelekee Shija ile fimbo yangu na kofia. Mwambie mnada ni wake. Asiendelee kuwaambia wafugaji kwamba mimi Masanja niko njiani. Mwambie pia asiwe na wasiwasi wa kunitazama usoni, sina kinyongo naye. Ana sauti nzuri, ila anaharakisha bei kabla mnunuzi hajamwangalia mnyama vizuri. Hilo mwambie.

Mwambie kaka yako wa Mkuyuni namshukuru kwa kukupa pa kulala kila unapokwenda kusubiri simu. Mama yangu mwambie nyonga imepona na ninatembea, huo ni ukweli na unamtosha. Msalimie baba yako mzazi, shikamoo nyingi kwake, na dada yangu mkubwa wa Sengerema, naye aache kupeleka kuku kwa mganga kwa ajili yangu. Wasalimie jirani yetu mama wa dagaa na katekista wetu. Kabula mwambie barua yake niliipata, na mchoro wa ng'ombe wa bluu nimeubandika juu ya kitanda. Wauguzi wanauliza kama ng'ombe wetu ndivyo walivyo.

Nikipona vya kuruhusiwa, nitakuja. Usikusanye watu. Usichinje kitu, maana sitaweza kula, nao watanitazama wakila. Njoo peke yako pale kivuko kinapotia nanga. Nitakuwa nimejifunga kitambaa chini ya macho. Huenda usinijue kwa umbo, nimekonda.

Jana nilifunga mlango wa bafu nikajaribu kuliita jina lako la usichana, Milembe, maana ndilo ninalolitumia tukiwa wawili. Linataka midomo ikutane mwanzoni na tena karibu na mwisho. Leo bado inakutana kidogo. Baada ya kisu haitakutana. Kwa hiyo pale kivukoni ukisikia nyuma yako mtu anatoa sauti isiyo neno, isiyofanana na jina la mtu yeyote, geuka, mke wangu. Itakuwa ni wewe unayeitwa.

Mumeo,
Masanja, baba wa Kabula na Masalu